Faili Ndogo Ndogo za Baba Mkwe

Kompyuta ya baba mkwe wangu ilikuwa na tabia ya kuzima bila kuaga. Unaiwasha, inanguruma, inaonyesha picha ya kanisa aliyoiweka kwenye skrini, inakubali ufungue kitu kimoja au viwili, halafu kimya. Ukiiwasha tena inakubali, ila kwa muda mfupi kuliko mwanzo. Ndani yake kulikuwa na sauti kama ya mtu anayegonga meza kwa ukucha. Sauti hiyo nilikuwa naijua, kwa sababu kompyuta moja ya ofisini kwetu ililia hivyo hivyo kabla ya kufa na barua zetu zote. Diski ilikuwa inakwenda, na haikuwa na adabu ya kusema itakwenda lini.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, katika baridi ile ya Kalama inayofunika vilima asubuhi nzima na kukufanya uvae sweta juu ya sweta. Nilikuwa nimepanda kutoka Machakos mjini na flashi mbili kwenye pochi. Moja ilikuwa na Windows mpya ya kuweka. Nyingine ilikuwa tupu, ya kuokolea vitu, nayo ilikuwa ya zamani, haibebi mengi. Kazi yenyewe ilisikika rahisi nilipoieleza kwenye simu: natoa vitu vya mzee, nafuta kila kitu, naweka Windows upya, narudisha vitu vya mzee. Mume wangu, anayefanya kazi kwenye yadi ya malori huko Mlolongo na kuja nyumbani akipata nafasi, alinisikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Wewe ndio unajua hiyo maneno. Lakini hizo nyimbo zisipotee, tafadhali. Zikipotea hatuna zingine."

Tusingepata zingine kwa sababu mzee hakuwa na sauti tena.

Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi hadi alipostaafu, na kiongozi wa kwaya kanisani hata baada ya kustaafu. Alipoita kutoka kwenye veranda, mtu aliyekuwa chini kule mtoni aliacha kuchota maji akainua kichwa. Halafu koo likaanza kumsumbua. Alipelekwa hospitali Nairobi, na madaktari wakamwambia waziwazi kwamba maisha yake watayaokoa lakini sauti hawawezi kuiahidi. Akaomba arudi nyumbani kwanza, apasuliwe wiki itakayofuata. Wiki hiyo alijifungia kwenye stoo ya mahindi na kompyuta yake, na watu wa boma wakamsikia huko ndani akiimba, akikohoa, akipaza sauti, akinyamaza, akianza tena. Hakuna aliyemuuliza. Kila mtu alielewa kwamba anajirekodi, na kila mtu, mimi nikiwa wa kwanza, alidhani anajua kinachorekodiwa. Nyimbo za kwaya, bila shaka, na pengine historia ya ukoo. Tulijisemea kwamba mzee anaacha kumbukumbu, na tukatembea kwa kunyata tukipita karibu na stoo.

Alirudi kutoka hospitali na kitambaa shingoni, na mahali pa sauti pamebaki pumzi tu. Ukimkaribia sana unasikia neno, ukisogea kidogo unaona midomo inayocheza. Alipoikimbilia kompyuta yake alikuta wajukuu wameijaza michezo, nayo imeanza kugonga na kuzima. Mwaitu, ndivyo sote tunavyomwita mama mkwe, aliniambia kwamba mzee alikuwa akiiwasha na kuitazama ikizima, akiiwasha na kuitazama ikizima, hadi siku moja akapiga meza ngumi na chai ikamwagika.

Sasa nieleze tatizo langu, kwa maana halikuwa tatizo la diski peke yake. Mimi ni mke wa mwanawe, na sisi Wakamba tuna nthoni, ile heshima ya kujitenga baina ya wakwe. Sikai kiti kimoja na baba mkwe. Simpi mkono. Siingii chumba chake cha kulala hata kikishika moto. Nitapiga kelele aingie mtu mwingine. Naye hanisemeshi ana kwa ana. Akiwa na neno langu humwambia Mwaitu, mimi nikiwa papo hapo nasikia kila silabi, kisha Mwaitu hugeuka na kunirudia lile lile. Wenzangu wengi mjini wameachana na mambo haya, wanakula meza moja na baba wakwe zao na kupiga picha wakiwa wameshikana mabega. Boma letu halikuacha. Nilipoolewa niliona ni kama mchezo wa kuigiza, nikawa nacheka kichinichini. Miaka ikapita nikazoea, na mwishowe nikapenda, kwa kuwa kulikuwa na amani ndani yake. Mzee hakuwahi kunikosea wala mimi kumkosea, maana hatukuwa na nafasi hiyo.

Lakini kompyuta ya mtu ni chumba chake cha kulala. Mimi nilikuwa nimetumwa niingie humo, nipekue, nichague cha kubaki na cha kutupwa, na mwenye chumba ameketi nje ya mlango.

Ameketi nje kweli. Nilikuwa kwenye meza ya sebuleni, kwenye benchi la mbao, mlango nimeuacha wazi kabisa kama inavyopasa. Yeye alikuwa kwenye veranda, amenipa mgongo, kofia kichwani, na mapajani ana kibao cheusi alichopewa na shule siku ya kumuaga. Alikuwa akiandika humo kwa chaki, anampa Mwaitu, Mwaitu anatafuta miwani.

"Anasema," Mwaitu akasoma, akikunja uso, "mwambie asipoteze sauti zangu."

"Mwambie sitapoteza."

"Si anakusikia. Masikio hayakupasuliwa."

"Basi muulize ziko wapi, Mwaitu. Ziko kwa folda gani?"

Mzee akafuta kibao kwa kiganja, akaandika neno moja. Mwaitu akalisoma. "Ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani ya kompyuta."

Nikauma ulimi. Mwalimu mkuu ni mwalimu mkuu, hata akiwa amestaafu na amenyang'anywa koo.

Nilikuwa nimejiwekea sheria: nitatazama majina ya folda na uzito wake, ila sitafungua kitu. Kulikuwa na folda ya kwaya, yenye noti alizozichapa mwenyewe. Kulikuwa na ya kamati ya kanisa, ya mitihani ya zamani, ya picha za sherehe ya kustaafu, na moja iliyoandikwa Barua. Kwenye hiyo ya Barua nilijikuta nikigeuza macho pembeni, kama mtu anayepita mbele ya dirisha la bafu. Nikainakili haraka bila kuitazama, ilikuwa nyepesi. Mitihani nikaiacha, watoto walioifanya sasa wana watoto wao. Kwenye picha za kustaafu nikakwama muda mrefu, mkono juu ya kipanya, nikiwaza kwamba zimesafishwa na ziko kwenye albamu kabatini, lakini kama si zote je? Nikaziacha. Nikazirudia. Nikaziacha tena. Kompyuta ikazima.

Nikasimama. Nikaenda jikoni kutazama muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, iliyokuwa ikichemka toka asubuhi, nikaikoroga bila sababu, nikarudi, nikaiwasha mashine, nikasubiri ile picha ya kanisa. Sijui kama umewahi kufanya kazi ambayo kila unapotulia kufikiri unapoteza nafasi ya kufanya. Nilikuwa nataka kufikiri na nilikuwa nataka kukimbia, na mwili ukawa unafanya vyote viwili, nusu nusu.

"Kaa chini," Mwaitu alinong'ona. "Unanizungusha kichwa."

"Nimekaa."

"Umekaa mara ngapi?"

Mwishowe nikaipata folda ya kamera. Mzee alikuwa amejirekodi kwa kamera ya kompyuta, kwa sababu ndiyo aliyofundishwa, kwa hiyo kila alichosema kilikuwa video. Zote zilikuwa mahali pamoja, bila majina, tarakimu tupu za tarehe na saa. Na zilikuwa za aina mbili tu. Kulikuwa na chache nzito sana, za dakika nyingi, na kwenye vipicha vyake vidogo nikamwona mzee amesimama wima kati ya magunia, amevaa tai ya kwaya. Halafu kulikuwa na kundi zima la faili ndogo ndogo, za sekunde chache chache. Vipicha vyake vilionyesha dari, kidevu, nusu ya kofia, kona ya gunia.

Kila mtu ambaye amewahi kumfundisha mzee kutumia kamera anazijua faili za namna hiyo. Kidole kimeteleza, kimeanza kurekodi bila kujua, kikazima. Nikapumua kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kumbe uamuzi ulikuwa umejifanya wenyewe: zile nzito ndizo nyimbo, zile ndogo ni makosa ya kidole. Nikapanga kunakili kuanzia kubwa. Kwa jinsi flashi ilivyokuwa ndogo, nyimbo zingeijaza na zile takataka zisingepata nafasi, na hakuna hasara.

Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Ukafika nusu, ukasimama, diski ikagonga, ukatambaa tena. Wimbo wa kwanza ukaingia wote. Wa pili ukaanza. Simu ikalia, nikaipokea kwa bega huku macho yakiwa kwenye skrini.

"Umefika wapi?" Mume wangu alikuwa anapiga kelele, nyuma yake malori yalikuwa yanarudi nyuma.

"Wimbo mmoja umeingia. Naendelea na mwingine."

"Haki asante. Na zingine?"

"Zingine ni vitu vidogo vidogo tu. Hizo naacha, ni za kubonyeza kimakosa."

Nikasikia kiti kikikwaruza sakafu ya veranda.

Mzee alikuwa amesimama. Alikuwa ameshanigeukia, jambo ambalo halifanyi, na mkono wake ulikuwa unaandika kibaoni kwa nguvu mpaka chaki ikakatika. Akatazama huku na huku amtafute wa kumsomea. Mwaitu hakuwepo, alikuwa ameingia jikoni, nasi tulikuwa tunamsikia akipuliza moto upande wa pili wa ukuta, hatua chache tu. Mzee akageukia huko. Nikaona kifua chake kinajaa, shingo inakaza chini ya kitambaa, mdomo unafunguka wote. Alikuwa anamwita mkewe. Aliita kwa mwili wake mzima, vile alivyokuwa akiita miaka yote, na hakikutoka kitu. Mwaitu akaendelea kupuliza moto. Akaita tena. Kuku akapita katikati yetu. Akainua fimbo yake agonge mlango, kisha akaishusha, na nadhani ni kwa sababu fimbo ni ya kufukuzia mbwa, si ya kumwitia mke.

Nilitazama yote hayo na sikutakiwa kutazama. Niliona aibu, na huruma, na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Katika miezi ile yote tulimwonea huruma kwamba hataimba tena. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amefikiri kwamba hawezi kumwita mtu aliye chumba cha pili. Kibao ni kizuri mtu akiwa anakutazama. Asipokutazama unafanyaje?

Akaingia sebuleni. Nikaruka kutoka kwenye benchi nimpishe, nikajibana ukutani. Yeye akaketi, akagonga benchi kwa kiganja upande wa pili, mara mbili. Sikuamini. Akagonga tena, kwa ule mkono wa darasani usiorudia mara ya nne. Nikaketi kwenye ncha, nusu yangu hewani, macho kwenye magoti. Mume wangu bado alikuwa kwenye simu anauliza kama nipo.

Mzee akanyoosha kidole, akapeleka mshale polepole kwenye mojawapo ya zile faili ndogo, akabonyeza.

"Mama! Njoo mara moja!"

Ilikuwa kwa Kikamba, na ilikuwa sauti yake, ile kubwa, inayofika mtoni. Ilitoka kwenye kispika cha kompyuta ikiwa na mikwaruzo, lakini ilikuwa yeye.

"Naja!" Mwaitu akaitika kutoka jikoni, kwa haraka, kabla ya kufikiri. Tukasikia kifuniko cha sufuria kikianguka. Akatokea mlangoni na mwiko mkononi, majivu kwenye nyusi, na akasimama. Akatutazama tulivyokaa benchi moja, mimi na mumewe. Akaitazama kompyuta.

"Si umeniita," akamwambia.

Mzee akatikisa kichwa kukubali.

Kisha akabonyeza nyingine, na nyingine, bila kutungoja. "Nani ameacha lango wazi?" Akabonyeza: "Chai iko wapi?" Akabonyeza: "Karibuni, karibuni ndani, ketini." Akabonyeza na ikaja sala ya chakula, fupi, kwa namna yake ya kukimbiza maneno ya mwisho kwa sababu njaa imeshika. Akabonyeza na ikaja "Wee!" peke yake, ile ya kutishia mbuzi aliyeingia kwenye mbaazi. Kwenye picha tulikuwa tunaona kidevu na dari, kwa sababu hakujali anaonekanaje. Alikuwa stooni anafikiria siku yake tangu kuamka hadi kulala, na anaweka akiba ya kila neno atakalolihitaji akirudi. Mwaitu alikuwa ameketi sakafuni pale pale mlangoni, anacheka na kujipangusa macho kwa khanga.

Nikakumbuka simu. Nikamweleza mume wangu kwa sentensi mbili.

"Hizo za chai zitasaidia nani?" akasema. "Aiee. Nyimbo ndio za maana. Siku moja tutazihitaji."

Sauti ya simu yangu ni ya juu, kila mtu sebuleni alisikia. Na kila mtu alijua ni siku gani hiyo. Sitajitenga nao, hata mimi nilikuwa nimeshaiona: kanisa limejaa, spika zimefungwa kwenye miti, mwenyewe yuko mbele ndani ya sanduku, na sauti yake inaimba juu ya vichwa vyetu, watu wanazirai. Sote tulikuwa tunamwokolea mzee vitu vya mazishi yake. Yeye alikuwa anaokoa vitu vya kesho asubuhi.

Diski ikagonga. Mstari wa kijani wa wimbo wa pili ulikuwa haujafika nusu. Mzee hakunisukuma wala hakuniashiria. Alitazama mbele tu, mikono juu ya magoti, mtu mzima ambaye mwanawe ameongea na yeye amesikia. Kipanya kilikuwa kwangu.

"Unanisikia?" mume wangu akauliza. "Endelea na nyimbo."

"Baba hajafa," nikamwambia, na nikakata simu.

Nikausimamisha wimbo. Nikazikusanya zile ndogo zote, kwa mkupuo mmoja, nikazitupa kwenye flashi. Ziliingia moja moja, na kila moja ilipoingia jina lake la tarakimu lilimulika na kupotea, na sisi watatu tulikuwa tumeinama kwenye skrini ile kama watu wanaoota moto. Mashine ikatulia ghafla katikati, Mwaitu akasema "Mwiai" kwa sauti ya kanisani, akimwita Mungu, kisha ikaendelea. Zikaingia zote. Nikachomoa flashi, nikaichomeka tena nihakikishe, zikawa zipo.

Ndipo mzee akaonyesha kwa kidole zile kubwa, kama anayesema haya sasa, na hizo pia kama zitapatikana. Nikauanzisha tena wimbo wa pili. Ukatambaa kidogo. Kompyuta ikazima, na safari hii nilipoiwasha haikuleta picha ya kanisa. Ilileta skrini nyeusi na maandishi meupe, ikisema haioni diski yoyote. Niliiwasha hadi kidole kikauma. Mzee akaweka mkono juu ya kifuniko, akakifunga taratibu. Akainuka, akarudi kwenye veranda, akakaa akinipa mgongo kama kawaida. Hatujaketi benchi moja tena tangu siku hiyo.

Nililia nyimbo zile, sitaficha. Nililia jikoni huku nakoroga muthokoi, na Mwaitu akaniacha nilie. Mume wangu alikuja wiki iliyofuata, akaichukua diski, akazunguka nayo Nairobi kwa mafundi, wote wakamwambia imekwisha. Kwa siku kadhaa aliniongelesha mambo ya lazima tu. Nilimwelewa. Wimbo mmoja aliobaki nao huusikiliza kwenye simu akiwa Mlolongo, na mara moja nilimkuta ameegemea ukuta nje ya nyumba anausikiliza huku anatazama chini. Nilipita nikaingia ndani. Sikujuta, lakini kutojuta si sawa na kuwa na furaha, na sikuwa nayo.

Fundi wa mjini alitia diski nyingine, nami nikaweka Windows upya, safari hii kwa amani, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kupoteza. Nikazipanga zile faili ndogo ndogo kwenye uso wa skrini, kubwa kubwa ili azione. Kuzipa majina nilimwachia mwenyewe. Zile alizozicheza mbele yetu nilizisikia; zilizobaki sikuzifungua. Mume wangu akaleta spika nzuri kutoka Mlolongo, akaiunganisha, akaiongeza hadi mwisho. Boma likarudiwa na kelele zake. Lango likiachwa wazi, watoto wanafokewa. Mbuzi akiingia mbaazi, anaambiwa "Wee!" na anatoka mbio, mbuzi hana habari ya diski. Mwaitu anaitwa mara nyingi kuliko anavyohitajika, naye anaitika kila mara, hata akilalamika kwamba siku hizi mzee hachoki kuita kwa kuwa hatumii pumzi yake.

Jumapili moja baada ya ibada nilipika mimi. Nilipakua, nikampa Mwaitu ampelekee mzee, nikajitenga karibu na mlango wa jikoni kama inavyopasa. Mzee alisali kwa spika. Akala. Kisha nikamwona ameinamia skrini, kidole kinatafuta, kinapita hili, kinapita lile, kinarudi. Alitafuta kwa muda hadi Mwaitu akaacha kutafuna. Akabonyeza.

"Mwambie mke wa mwanangu chumvi imezidi."

Uso wangu ukashika moto. Mwaitu akageuka kunitazama, kwa desturi, kana kwamba sikusikia kitu. "Anasema chumvi imezidi."

Nikaingia jikoni, nikafunua sufuria, nikaonja. Chumvi ilikuwa sawa. Nikaonja tena kutoka chini, labda haikuchanganyika. Ilikuwa sawa kabisa. Mwaitu akanifuata na sahani ya mzee mkononi. Ilikuwa tupu, imefutwa hadi kwenye kingo.

"Chumvi haijazidi," nikamwambia.

"Najua."

"Sasa mbona anasema hivyo?"

"Ile wiki ya stoo, sauti ya kwako alirekodi hiyo moja tu," Mwaitu akasema. "Hakujua atahitaji ingine."

Kutoka sebuleni sauti ikaja tena, kubwa, hadi masufuria ukutani yakalia: "Mwambie mke wa mwanangu chumvi imezidi." Nikaijaza ile sahani hadi juu, nikampa Mwaitu ampelekee.